Kasha la Sunburst: Roki Iliyofika Singida kwa Redio

Mwaka 2016 kampuni ya Strut ya London ilitoa mkusanyo wenye jina la Ave Africa: The Complete Recordings 1973–1976. Ndani yake mliwekwa kazi zote za Sunburst, bendi ya Dar es Salaam iliyochanganya roki, soul, rumba ya Kongo na mapigo ya ngoma za nyumbani. Mlikuwa na albamu yao moja, santuri zao ndogo, na nyimbo walizorekodi Radio Tanzania mwaka 1973. Miaka 40 ilikuwa imepita tangu albamu ile itoke. Vijana waliocheza muziki huo wakiwa na suruali za bugaluu na viatu vya raizoni sasa walikuwa na wajukuu.

Nimeamua kuisimulia historia ya kasha hili kutoka Singida, si kutoka Dar es Salaam. Wa Dar walikuwa na kumbi. Walilipa kiingilio, wakawaona wapigaji usoni, wakajua nani anapiga besi na nani anapiga drams. Huku katikati ya nchi muziki huo ulifika kama sauti tupu, kwa masafa ya redio, ukapita na kwenda. Aliyeupenda hakuwa na namna ya kuukamata. Ukitaka kujua kwa nini mkusanyo wa nyimbo za miaka minne tu ni jambo kubwa, anza na msikilizaji huyo.

Singida ilifanywa mkoa mwaka 1963. Wanyaturu wako kusini na kati, Wanyiramba na Wanyisanzu kaskazini, Wagogo wamejaa Manyoni, na pembezoni kuna Wataturu, Wasukuma na Wahadzabe. Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 chini ya Wajerumani, inakatiza kusini mwa mkoa kupitia Manyoni na Itigi. Kwa miaka mingi, kilichotoka pwani kilishukia hapo: nguo, sabuni, mafuta ya taa, na mtu mmojammoja aliyerudi kutoka mjini na gramafoni. Santuri zilikuwepo, lakini kwa mwenye duka, mwalimu au karani. Kwa wengine wote, muziki wa mjini ulikuwa redio.

Redio yenyewe ilikuwa ya serikali. Shirika la utangazaji la enzi za ukoloni lilivunjwa mwaka 1965, ikaundwa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Ilikuwa na Idhaa ya Taifa, Idhaa ya Biashara na Idhaa ya Nje, na kwa muda mrefu Tanzania Bara haikuwa na kituo kingine. Mwaka 1973 redio hiyo ilibeba kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi vya kusikiliza, kijiji kwa kijiji, wakajifunza kuchimba vyoo, kuchemsha maji na kujikinga na malaria. Kipindi kikiisha, redio haikuzimwa hapohapo. Betri zilizochoka zilianikwa juani zipate nguvu kidogo, na jioni ikasikika dansi: NUTA, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, bendi za Tabora, na katikati yao magitaa ya vijana wa Dar yaliyokuwa na ukali wa namna nyingine kabisa.

Ukali huo ulikuwa na historia ya mvutano. Desemba 1962, alipotangaza wizara mpya ya utamaduni, Mwalimu Nyerere alilieleza Bunge jinsi wasomi walivyojua kucheza rumba, chacha, twisti na rock'n'roll, huku wengi wao wakiwa hawajawahi hata kuzisikia baadhi ya ngoma za makabila yao. Hotuba ile ilikumbukwa na kila ofisa utamaduni aliyekuja baadaye. Lakini vijana wa mijini hawakuacha. Katikati ya miaka ya 1960 Dar es Salaam ilijaa vikundi vya vijana wa shule waliopiga kopi za Waingereza na Wamarekani. Walikutana kwenye dansi la mchana lililoitwa bugi, wakapiga soul na roki, wengi kwa vyombo vya kuazima.

Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ikaanza Januari 1969. Sketi fupi, wigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua ngozi zilipigwa marufuku. Mwishoni mwa mwaka huohuo, muziki wa soul nao ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Sababu iliyotolewa ilikuwa utamaduni wa taifa, na waliokuwa wakizitazama dansi za mchana kwa wasiwasi waliunga mkono. Vijana nao waliuliza kwa nini muziki wa watu weusi wa Marekani, wanaopigania haki zao, uonekane ukoloni. Swali hilo lilikuwa la haki, na naona lilistahili jibu bora kuliko marufuku.

Sunburst ilianzishwa mwaka 1970, katikati ya hali hiyo. James Mpungo aliimba. Hembi Flory Kongo, aliyetoka Kongo, alishika gitaa. Bashir Idi Farhan alipiga besi, Johnny Rocks drams, na Kassim Magati kinanda. Bendi nyingi za dansi za wakati huo zilikuwa za idara, za jumuiya za wafanyakazi au za jeshi, na mpigaji alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara. Hawa walijitegemea. Mtindo wao waliuita Kitoto. Ukiusikiliza unasikia jinsi walivyolijibu swali la mwaka 1969 bila kutoa hotuba. Gitaa linalia kwa sauti chafu ya roki, mwimbaji anapiga mayowe ya soul, lakini drams hazifuati mwendo wa Memphis wala wa London. Zinazunguka kama mtu aliyekulia kwenye ngoma. Wimbo mmoja ni wa Kiingereza, wa pili ni wa Kiswahili kuhusu zama za utumwa. Hawakuchagua upande mmoja kwa sababu masikioni mwao hakukuwa na pande mbili.

Kurekodi RTD kulikuwa na taratibu zake, na bila kuzifahamu huwezi kuelewa kwa nini kasha lile limekaa lilivyokaa. Mashairi ya nyimbo yalipelekwa kwanza yapitiwe. Yakikubaliwa, bendi ilipangiwa siku. Vyombo vilibebwa hadi studio, maikrofoni chache zikapangwa, fundi mitambo akasogeza huyu karibu na yule mbali hadi sauti zikae sawa, kisha wimbo ukapigwa moja kwa moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwimbaji akikosea, wote walirudia. Malipo yalikuwa madogo na yalikuwa ya mara moja. Kanda ilibaki redioni. Bendi iliondoka na heshima ya kusikika kutoka Mtwara hadi Bukoba, lakini haikuondoka na nakala ya kuuza. Kwa upande mwingine, taratibu hizohizo zilihifadhi kilichopigwa siku ile. Nyimbo za Sunburst za mwaka 1973 zimetufikia kwa sababu redio ya taifa iliwafungulia mlango, katika miaka ambayo muziki wa kigeni ulikuwa ukipunguzwa hewani ili bendi za nyumbani zipate nafasi. Sera iliyowabana vijana wa soul ndiyo pia iliyowapa studio. Mambo yote mawili ni kweli, na anayesimulia moja tu anapotosha.

Aliyetaka santuri alilazimika kuvuka mpaka, kwa kuwa Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuzichapa. Wengi walikwenda Nairobi, kwenye studio na viwanda vilivyohudumia Afrika Mashariki yote. Safari hiyo ilikuwa ya kawaida hadi Februari 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika. Haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Sunburst walitoa santuri ndogo, kisha wakageukia kusini. Albamu yao, Ave Africa, ilitoka Zambia mwaka 1976. Mwaka huohuo, Julai, reli ya TAZARA, inayounganisha nchi hizo mbili, ilikabidhiwa rasmi: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi.

Huko Zambia walikuta moto umekwisha kuwashwa. Rais Kaunda alikuwa ameagiza redio ya nchi yake ipige zaidi muziki wa Zambia, na fedha za shaba zilikuwa zimewawezesha vijana wa Copperbelt kununua magitaa na vikuza sauti. Bendi ya WITCH, iliyoongozwa na mwimbaji Emmanuel "Jagari" Chanda, ilitoa albamu baada ya albamu tangu mwanzo wa miaka ya 1970. Amanaz walitoa Africa mwaka 1975. Rikki Ililonga na Musi-O-Tunya walikuwa wamepigia muziki Kenya kwa muda mrefu. Barabara za roki ya ukanda huu zilikuwa Nairobi, Dar es Salaam, Ndola na Lusaka, na wapigaji walizijua vizuri kuliko maofisa wa mipaka. Ave Africa ni zao la barabara hizo. Baada yake bendi haikutoa albamu nyingine, na ndiyo maana kasha linaishia 1976.

Mtu mwingine wa kizazi hichohicho anatuleta karibu zaidi na uwanda wetu. Patrick Balisidya alizaliwa Mvumi, Dodoma, mwaka 1946. Alikuwa Mgogo, na nchi ya Wagogo haiishii Dodoma. Inavuka hadi Manyoni, ndani ya Singida. Anayetoka Manyoni akimsikiliza Balisidya hasikii mgeni. Alipitia Dar es Salaam Jazz, kisha mwaka 1970 akaanzisha Afro 70, na mtindo wake akauita Afrosa. Aliimba, akapiga gitaa, akapiga kinanda, akatunga. Mwaka 1977 Afro 70 iliiwakilisha Tanzania kwenye tamasha kubwa la sanaa za Afrika, FESTAC, jijini Lagos.

Uimbaji wa Wagogo una jambo ambalo wataalamu wa muziki wamelichunguza kwa miaka mingi. Sauti zao hazitokani na kinanda cha kanisani. Zinafuata sauti za asili zinazojitokeza ndani ya uzi mmoja unapotetemeka, ngazi zinazopanda kwa mpangilio wake, na waimbaji huachana na kukutana juu ya ngazi hizo bila kufundishwa darasani. Zeze na marimba hupangwa kwa namna hiyo. Ngoma ya muheme hupigwa na wanawake, ngoma zikiwa zimebanwa kati ya mapaja, na mwendo wake unamvuruga mtu aliyezoea kuhesabu moja mbili tatu nne. Kijana aliyekua na sauti hizo, kisha akapewa gitaa la umeme lenye ngazi za sauti zilizokwisha kupangwa kiwandani, ana kazi ya ziada kichwani mwake. Nadhani hapo ndipo ilipotoka ile huzuni ya pekee katika sauti ya Balisidya, hata katika nyimbo za harusi.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 alifika Sweden. Huko kulikuwa na kundi lililoitwa Archimedes Badkar, vijana waliochanganya roki na muziki wa India, wa Balkani na wa Afrika, na waliokuwa wamekwisha kutoa albamu kadhaa tangu mwaka 1975. Kwa pamoja walirekodi albamu iliyopewa jina la Kiswahili, Bado Kidogo. Nawaomba wasomaji wanaodhani kwamba Waafrika walijiunga na muziki wa dunia miaka ya 1990 waitafute albamu hiyo. Mgogo na Waswidi walikaa studio moja wakatengeneza kitu ambacho hakikuwa roki ya Ulaya yenye viungo vya Kiafrika, wala dansi la Dar lililopelekwa kwenye baridi. Balisidya alifariki mwaka 2004.

Mwaka mmoja kabla yake alifariki Mgogo mwingine, Hukwe Zawose, bingwa wa marimba na zeze. Zawose hakushika gitaa la umeme, lakini Chibite, albamu yake ya mwaka 1996, ilitolewa na Real World, kampuni iliyoanzishwa na mwanaroki wa Uingereza Peter Gabriel. Mwaka 2002 ikaja Assembly, aliyoitengeneza pamoja na mpiga gitaa Michael Brook. Muziki wa uwanda wa kati ulifika katika nyumba ya roki kwa mlango wa mbele, ukiwa na vyombo vyake wenyewe. Hivyo pale Sunburst walipoingiza mapigo ya ngoma katika roki mwaka 1973 hawakuwa wakifanya kioja, walikuwa wametangulia.

Singida nayo ilikuwa na mkusanyaji wake, ingawa hakuwa mtu wa roki. Howard Olson, mmisionari wa Kilutheri kutoka Marekani, alifika Tanganyika mwaka 1946 na akakaa zaidi ya miaka 40. Alijifunza lugha ya Wanyaturu, ambayo wenyewe wanaiita Kirimi, na uchambuzi wake wa sauti na maumbo ya lugha hiyo ulichapishwa mwaka 1964. Kirimi ni lugha ya toni. Sauti ikipanda pasipostahili, maana inapotea. Kuimba maneno ya lugha kama hiyo kwa tuni ya Ujerumani ni kuyavunja. Baadaye, akiwa mwalimu Makumira, alikusanya nyimbo zenye tuni za asili za Tanzania, zikachapishwa kwa Kiswahili kwa jina Tumshangilie Mungu, tangu mwaka 1968. Kwaya za Kilutheri zinaziimba hadi leo. Ninamtaja kwa sababu alifanya jambo ambalo dansi na roki zilikosa. Aliandika, akachapisha, akaweka kitu mkononi mwa mwimbaji wa kijijini. Kwaya ya Ruruma au Kinampanda ilikuwa na kitabu chake. Mpenzi wa Sunburst au Afro 70 wa mkoa huohuo hakuwa na kitu.

Kisha zikaja kaseti, na kwa muda mambo yalibadilika. Miaka ya 1980 kila stendi ya basi ilikuwa na mtu wa kurekodi, mwenye deki mbili na daftari la majina ya nyimbo. Unamwachia kanda tupu asubuhi, jioni unaichukua imejaa. Nyimbo za RTD zilizonaswa hewani, sauti ya mtangazaji ikiwa imeachwa kidogo mwanzoni, zilisafiri hivyo hadi Iramba. Wapigaji hawakupata senti. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1966 ilikuwepo kwenye makaratasi tu, na sheria mpya ilikuja mwaka 1999. Hata hivyo nawashukuru wale wa deki mbili. Kanda zao ndizo zilizokaa majumbani kwa watu baada ya redio kuacha kuzipiga nyimbo hizo.

Kaseti hazikudumu. Vumbi la Singida, joto, na redio zilizotafuna utepe zilimaliza nyingi. Kanda kubwa za RTD zilikuwa na adui wengine: unyevu wa Dar es Salaam, umri, na uhaba wa mashine za kuzichezea. Sumaku iliyopakwa juu ya utepe huachia baada ya miaka mingi, ikawa unga kwenye kichwa cha mashine, na ukishauona unga huo ujue wimbo unaondoka. Shirika lilibadilishwa jina na muundo likawa TBC, na kanda zikahamishiwa humo. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 mradi wa Tanzania Heritage Project ulianza kuchangisha fedha ili kanda hizo zigeuzwe za kidijitali. Kazi hiyo ilionyesha ukubwa wa hazina yenyewe: dansi, taarab, kwaya, hotuba, na ngoma zilizorekodiwa mikoani.

Majirani zetu wa kusini wameonyesha kinachowezekana. Mwaka 2012 kampuni ya Now-Again ya Los Angeles ilikusanya albamu za WITCH za miaka ya 1970 katika kasha moja, We Intend to Cause Havoc!, lenye picha na maelezo marefu ya historia yao. Wapigaji wengi wa bendi hiyo walikuwa wamekwisha kufariki, wengi wao kwa UKIMWI. Jagari alikuwa hai, akichimba vito. Baada ya kasha kutoka alirudi jukwaani, akazunguka Ulaya na Marekani na wanamuziki vijana, na mwaka 2023 WITCH ikatoa albamu mpya, Zango. Kasha lile lilikuwa na maana kwa sababu lilimkuta mtu mmoja angali na sauti.

Kasha la Sunburst limefanya sehemu ya kazi hiyo. Limekusanya santuri za nchi mbalimbali na kanda ya redio ya Dar es Salaam, likaziweka kwa mpangilio wa miaka, na majina ya wapigaji yakaandikwa. Kijana wa Singida mwenye simu anaweza leo kusikia kwa utulivu kile ambacho babu yake alikisikia mara moja, usiku, mawimbi yakipanda na kushuka. Lakini uamuzi wa nini kiingie ulifanyika London, na London huchagua kinachouzika London: gitaa chafu, besi nzito, santuri adimu. Haina sababu ya kutafuta kanda ya muheme wa Manyoni au nyimbo za Wanyiramba zilizorekodiwa na gari la redio. Hizo zitatoka tu kama watu wa hapa watazidai, kwa barua, kwa majina ya vijiji na miaka.

Na majina hayo yanahitajika upesi kuliko fedha. Kanda ikisomeka lakini haina jina la mwimbaji wala kijiji, ni sauti isiyo na mwenyewe. Watu wanaoweza kusikiliza sekunde kumi na kusema huyu ni fulani wa Kilimatinde, na hiyo ni ngoma ya mavuno wala si ya jando, ni wazee wenye zaidi ya miaka 70. Wako Manyoni, Kiomboi, Nduguti na Ikungi. Mashine ya kugeuza kanda iko Dar es Salaam. Kati ya mashine na wazee hao pana safari ya siku moja kwa basi, na simu inayoweza kubeba nyimbo zote mfukoni.